Kuchora Anayekimbia

Kwetu Nguvumali, Tanga, hakuna farasi. Baiskeli zipo, tena tele, maana Tanga ni mji wa baiskeli tangu enzi, bajaji zipo, mbuzi nao wapo, wanajilaza katikati ya njia mchana kweupe na dereva ndiye anayekwepa. Farasi hana kwao huku. Joto na unyevu wa pwani vinalea wadudu wawili wasiopatana naye: mbung'o, mwenye kuleta nagana, na usubi, kile kijidudu kinachopenya hata tundu za chandarua, ambacho hueneza maradhi yaitwayo ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi akishikwa na aina yake ya mapafu, kifua hujaa maji na siku chache tu amekwisha. Punda huupata akaendelea kubeba mchanga.

Wenye nacho walifuga hivyo hivyo. Sultani Sayyid Said alikuwa na farasi wake wa Kiarabu Unguja, na mwaka 1840 merikebu yake, Sultana, ilitia nanga New York ikiwa na farasi wawili wa zawadi kwa Rais wa Marekani. Lakini hao walikuwa farasi wa mfalme. Mtoto wa Nguvumali alimjua farasi kwa kalenda ya dukani na kwa filamu za kwenye vibanda vya video, ambako farasi anaonekana nusu, kwa kuwa nusu nyingine imezibwa na kichwa cha aliyekaa mbele yako.

Kwa hiyo mtoto wa shangazi yangu, aliyekuwa akipaka matatu rangi Nairobi, aliponiambia kwamba kuna uwanja ambako Jumapili farasi wanashindana na mtu yeyote anaingia, nilifunga virago. Nilivuka mpaka Horohoro na begi la nguo na rundo la karatasi. Shangazi akauliza naenda kutafuta nini. Nikasema kazi, na kweli kazi ilikuwapo, ya kupaka matatu siku za wiki. Habari ya farasi sikumgusia, angeona nimerogwa.

Kazi yangu ni vibao. Saluni, gereji, duka la nondo na saruji, banda la chipsi: mwenye biashara anataka jina lake lionekane toka ng'ambo ya barabara, na pembeni anataka picha ya anachouza. Mzee aliyenifundisha, ambaye sote tulimwita Fundi na jina lake la nyumbani sina hakika wangapi waliwahi kulisikia, alikuwa na tabia moja iliyotuchosha sana vijana wake. Siku za mechi alitupeleka uwanja wa Mkwakwani, kila mmoja na daftari, na akatukataza kuchora mchezo.

"Mchoreni kipa," alisema. "Mshambuliaji atawatia wazimu. Kipa hana pa kwenda."

Ukurasa unaugawa visanduku. Kipa ameinama, mikono magotini: anza mchoro kwenye sanduku la kwanza. Akiinuka, uache, hata kama umepata mgongo tu. Akinyoosha mkono kupanga ukuta wake, sanduku la pili. Akitema mate na kupiga makofi ya glavu, la tatu. Halafu mpira ukija tena upande wake ataiweka ile miguu vile vile alivyoiweka mwanzo, na wewe unarudi kwenye sanduku la kwanza kuongeza bega au shingo. Mashabiki wa Coastal Union waliokaa nyuma yetu walikuwa wakituuliza tumelipwa na nani kumchunguza kipa wao. Dakika tisini zikiisha, una mtu kamili karatasini ambaye hakuna hata dakika moja aliyokaa akusubiri.

Niliichukia kazi ile. Nilitaka kuchora bao. Ila ndiyo niliyoibeba kwenda nayo Nairobi, na bila hiyo ningerudi na karatasi nyeupe.

Uwanja wa farasi wa Ngong uko kando ya barabara ya Ngong, unafikika kwa matatu ya 111. Ulifunguliwa 1954, na wenye kuuendesha ni klabu iitwayo Jockey Club of Kenya. Kabla ya hapo mbio zilikuwa upande wa Kariokor na Eastleigh, ndiyo maana mjini kuna barabara ya Racecourse isiyo na farasi hata mmoja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Baridi yake ya asubuhi, ambayo mtu wa Tanga anaipokea kwa meno kugongana, inawapunguza wale wadudu, na chanjo inafanya iliyobaki. Katikati ya njia ya mbio kuna uwanja wa gofu, na watu wanapiga mipira yao bila hata kugeuza shingo. Pembeni ya uwanja huo huo ndipo alipomalizia maisha Beryl Markham, mwanamke aliyefundisha farasi wa mbio tangu usichana wake na ambaye mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka mashariki kwenda magharibi. Alifariki 1986. Watu wengi huko nje wanamkumbuka kwa ndege na kitabu chake; wazee wa Ngong wanamkumbuka kwa farasi, na nadhani angependa hivyo.

Mbio ya kwanza niliitazama mikono ikiwa mfukoni. Nilitaka kupima kwanza. Farasi wa mbio akifungua shoti anafika kilomita 60 kwa saa, na hiyo ni zaidi ya mita 16 kwa sekunde moja. Ukisimama kwenye reli, unawasikia kwanza miguuni mwako, kwenye udongo. Halafu rangi za shati zinatokea, halafu ni migongo na vumbi. Mbele ya macho yako wamekaa sekunde tatu, labda nne. Mbio nzima ya mita 1,200 inachukua dakika moja na ushee, na Derby ya Kenya, ambayo ni mita 2,400, inachukua kama dakika mbili na nusu. Sehemu kubwa ya muda huo farasi wako upande wa pili wa uwanja, na ukubwa wao ni wa sisimizi. Hapo hapachorwi kitu. Wapiga picha wote walikuwa wamejipanga kwenye mstari wa mwisho na lenzi zao ndefu, na hiyo ndiyo sehemu yao kwa haki.

Mimi nikaenda kumtafuta kipa.

Nilimkuta kwenye ule uwanja mdogo wa mviringo ambako farasi hutembezwa kabla ya mbio, ili wenye kubeti wawaangalie. Kila farasi anaongozwa na saisi wake aliyeshika hatamu karibu na taya. Wanazunguka, wanazunguka, taratibu, mpaka wapandaji waje. Farasi mwenye namba 4 anapita mbele yangu, napata mstari wa shingo. Anakwenda zake. Wanapita wenzake, kila mmoja nampa sanduku lake. Namba 4 anarudi, mwendo ule ule, na safari hii nachukua bega. Hakuna mnyama anayemsaidia mchoraji kama farasi anayetembezwa, kwa sababu hatua yake haina siri: mguu wa nyuma wa kushoto, wa mbele wa kushoto, wa nyuma wa kulia, wa mbele wa kulia, na kwato ya nyuma inakanyaga pale pale au karibu na pale ilipotoka ya mbele. Ukishaisikia hiyo hesabu kichwani, huhitaji tena kuwinda. Unakaa unangoja mguu unaoutaka uje.

Na ukikaa unaona mengine ambayo mbio inayaficha. Mshipa unaotoka chini ya jicho kushuka shavuni, unaotuna kadiri farasi anavyopata hofu. Sikio moja limemgeukia saisi na jingine linasikiliza watu. Povu jeupe la jasho kati ya mapaja kabla hata hajakimbia hatua moja; wabetaji wazoefu wakiliona hilo huguna na kupeleka hela yao kwa mwingine. Ngozi ya ubavuni inayotetemeka pale tu nzi alipotua, na pengine pote imetulia. Nilianza kuelewa kwamba mbio zimeshaanza mle ndani, kwenye mwendo wa taratibu, na watu waliokuwa wakila kuku wao kwenye nyasi walikuwa wakikosa nusu ya mchezo.

Kijana mmoja alisimama karibu yangu muda mrefu, simu mkononi, akiangalia karatasi yangu na kuangalia farasi.

"Brathe, si upige tu picha? Uende ukachore polepole nyumbani."

Swali hilo nimeulizwa Tanga, nimeulizwa Nairobi, na halina ubaya. Picha za simu ninazo pia. Natumia kujua rangi ya hatamu au namba iliandikwa wapi. Lakini picha inakupa farasi mmoja kwa kipande kimoja cha sekunde, na unapoichora nyumbani unachora kipande hicho tu, pamoja na kivuli kilichomeza mguu na saisi aliyeziba kifua. Mchoro uliojengwa kwa mizunguko una mizunguko yote ndani yake. Na kuna la zaidi, ambalo sijui nilieleze vipi kwa mtu asiyechora: mkono unakumbuka. Baada ya Jumapili kadhaa nilikuwa naweza kuanza mstari wa mgongo nikiwa ndani ya matatu, macho yamefumbwa, na ukakaa mahali pake. Picha nilizopiga hazijawahi kunifanyia hivyo. Kijana yule alinisikiliza kwa adabu, kisha akanipiga picha mimi.

Kilichokuwa kinanisumbua ni miguu ya nyuma. Niliiona vizuri, niliinakili vizuri, lakini sikuielewa, na mstari usioeleweka unajionyesha tu. Siku moja, mbio zimekwisha, nilimfuata saisi mmoja mtu mzima aliyekuwa akimpoza farasi wake kwa kumtembeza nyuma ya mabanda. Nikamwamkia. Akacheka.

"Marahaba, kijana ya Tanzania. Hiyo shikamoo imekutoa."

Nikamuuliza kwa nini goti la nyuma la farasi limepinda kinyume na letu.

"Hiyo si goti," akasema. "Hiyo ni kisigino. Goti yake iko huku juu, karibu na tumbo." Akaweka kiganja pale, nami nikaweka changu, kweli lilikuwa goti, la moto na lenye jasho. "Na hii ya mbele unaita goti, hii ni kama hapa." Akanigonga kifundo cha mkono. Halafu akainama, akabana mguu wa mbele wa farasi kati ya mapaja yake, akanionyesha kwato kwa chini. "Hii ni kucha. Anasimama na kidole moja. Kilo mia nne na hamsini, kidole moja kila mguu. Sasa ukimkimbiza vibaya, ni nini itavunjika?"

Nikarudi chumbani kwa mtoto wa shangazi, nikavua viatu, nikasimama kwa ncha za vidole vya mikono na miguu sakafuni, makalio juu, nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Jamaa alirudi akanikuta vile. Lakini kuanzia hapo kisigino kilikuwa kisigino, na farasi wangu wakaanza kusukuma ardhi. Hapo kabla walikuwa wamening'inizwa tu. Mwingereza George Stubbs alipotaka kuyajua haya, alijifungia kwenye nyumba ya shamba kijijini Horkstow, akatundika mizoga ya farasi na kuichuna tabaka baada ya tabaka kwa zaidi ya mwaka, kisha 1766 akachapisha kitabu cha maumbile ya farasi ambacho wachoraji wanakitazama mpaka leo. Mimi sikuhitaji mzoga. Nilihitaji mzee mwenye subira aliyekaa na mnyama huyo umri wake mzima, na ambaye pengine hakuna mgeni wa jukwaani aliyewahi kumuuliza kitu zaidi ya nani atashinda.

Wapandaji ni habari nyingine, nami nitaipita haraka. Niliwahi kufika Lamu wakati wa Maulidi, ambako vijana hushindana kwa punda kwenye njia ya ufukweni. Kule mpandaji hana tandiko na amekaa nyuma kabisa, juu ya nyonga za punda, miguu inaning'inia. Ngong ni kinyume chake: joki hakai. Anasimama kwenye vikuku vifupi, amejikunja juu ya shingo, makalio hewani, uzito wake ameupeleka mbele kwenye mabega ya farasi. Mmarekani Tod Sloan alipokwenda na mtindo huo Uingereza mwaka 1897 alichekwa, mpaka alipoanza kushinda. Ukitazama picha za kale za mbio za Kizungu, wapandaji wote wamekaa wima kwenye matandiko yao, nawe unajua mara moja kwamba hiyo ni picha ya kabla ya Sloan.

Turudi kwenye miguu, maana huko ndiko kulikozua ugomvi mkubwa kuliko wangu. Kwa karne nyingi wachoraji walimchora farasi wa mbio amejinyoosha, miguu ya mbele mbele kabisa, ya nyuma nyuma kabisa, tumbo karibu na nyasi, na hakuna kwato inayogusa chini. Mfaransa Géricault aliwachora hivyo farasi wa Derby ya Epsom mwaka 1821, na picha hiyo iko Louvre. Mwaka 1878 huko Palo Alto, California, tajiri wa reli Leland Stanford alimlipa mpiga picha Eadweard Muybridge amalize ubishi. Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia na nyuzi zilizotandazwa kukatiza, farasi akikata uzi kamera inafyatuka. Ikaonekana kwamba ni kweli farasi huwa hewani miguu yote minne, ila si pale anapojinyoosha. Huwa hewani pale miguu imekusanyika chini ya tumbo. Karne nzima za picha zikawa za uongo kwa mchana mmoja.

Ndivyo walivyosema wengi. Mchongaji Rodin hakukubali. Katika mazungumzo yaliyochapishwa 1911 aliitetea ile picha ya Géricault, kwa hoja kwamba jicho halimwoni farasi mzima kwa mkupuo mmoja: linaanza nyuma, linaona miguu ikisukuma, linapita mwilini, linafika mbele na kukuta miguu imerushwa. Ni nyakati tofauti zilizokutanishwa kwenye mwili mmoja. Kamera imesimamisha wakati, na wakati hausimami. Naye mchoraji Degas, aliyekuwa akienda kwenye mbio za Longchamp na penseli yake, alizijua picha za Muybridge na akazitumia. Lakini tazama farasi wake wengi wanafanya nini. Wanangoja. Wanatembezwa, wanageuzwa kabla ya kuanza, mmoja anakataa kusimama kwenye mstari. Nilipoliona hilo kwenye kitabu cha maktaba nilifurahi kuliko inavyostahili, kwa kuwa nilimtambua kipa.

Mimi niko upande wa Rodin, ingawa bila Muybridge nisingejua ninachokiuka. Hapa kwetu wapo wanaoniambia najitaabisha bure: Edward Saidi Tingatinga, ambaye kabla ya kwenda Dar es Salaam alifanya kibarua kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, alichora chui na ndege kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, bila kujali kisigino kiko wapi, na jina lake limezunguka dunia. Ni kweli, na nampenda. Lakini chui wa Tingatinga hakimbii, wala hajadai kukimbia. Amekuja kutazamwa. Anayetaka mwendo ana kazi nyingine ya kufanya kwanza.

Niliporudi Nguvumali, mtu mmoja mwenye basi alisikia kwamba fundi wa vibao amesomea farasi Kenya. Akaja na basi lake limeshapigwa rangi nyeupe, anataka farasi mwekundu ubavuni, kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma. Nilimchorea kwa chaki farasi wa Muybridge, miguu imekusanyika chini ya tumbo, sahihi kwa kila kiungo. Aliangalia kwa muda.

"Fundi, huyu amekanyaga mwiba?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Nikamweleza habari za nyuzi na kamera. Dereva na utingo wakasogea, na fundi gereji akatoka chini ya gari kusikiliza.

"Inawezekana," mwenye basi akasema. "Sikatai. Lakini basi langu linakwenda Dar, haliwezi kukunja miguu."

Nilifuta nusu ya mbele. Nyuma nikamwachia kisigino cha yule mzee wa Ngong, kimebana, kinasukuma lami. Mbele nikarusha miguu yote miwili hewani mpaka usawa wa taa. Ni farasi ambaye hajawahi kuwapo kwenye sekunde yoyote ya dunia hii. Mwenye basi alilizunguka basi lake, akarudi, akasimama mbali kidogo na kufinya jicho moja.

"Sasa huyu anakimbia. Ila mkia umemfanyia ubahili. Urefushe ufike kwenye tairi."

Nikaurefusha ukafika kwenye tairi. Nusu ya malipo iliyobaki nikaipata baada ya Idi.